Siku Ambayo Gari Halikutoa Moshi

Mkuu wa kituo alikuwa na haraka ya kumfunga mtu, na mtu mwenyewe alikuwa tayari yuko mahabusu, anakunywa chai.

"Faili hili linakwenda mahakamani leo mchana," alisema, akilisukuma mezani kwa kidole kimoja kana kwamba linanuka. "Injini ilijamu mteremkoni, magurudumu yakakaza, gari likaingia bondeni, mzee wa watu akafa. Nani alifungua injini ile mwezi uliopita? Mpwa wake. Nani alitia pistoni mpya? Huyo huyo mpwa wake. Alizibana mno. Kifo kwa uzembe. Sasa wewe unataka nini tena?"

"Nataka kujua alikuwa anakwenda wapi," alisema Inspekta.

"Nani, marehemu?"

"Ndiye. Tangu astaafu, gari lile halitoki ila Jumamosi, sokoni na kurudi. Siku aliyokufa haikuwa Jumamosi, na barabara ya mlimani haipiti sokoni. Tena mfukoni tulimkuta na funguo zote mbili, wa kila siku na wa akiba. Nani anakwenda matembezini na ufunguo wa akiba?"

"Mzee msahaulifu. Wewe ukizeeka utabeba mpaka ufunguo wa jirani."

Mkuu alicheka mwenyewe. Kituoni walimwita Inspekta "Msumari", na yeye alijua, wala hakuona ubaya. Alimwacha bosi wake amalize kicheko, akachukua faili, akatoka nalo. Alikuwa na hasira tangu asubuhi. Mtu anafungwa kwa sababu ni rahisi kumfunga, basi, na wakubwa wanaita hiyo kazi nzuri.

Fundi alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani, chupa ya chai katikati ya miguu. Mikono yake ilikuwa bado na weusi wa gereji kwenye mikunjo ya vidole.

"Karibu chai, Inspekta. Dada ameileta mwenyewe asubuhi. Kila siku analeta, na kilio chote alicho nacho."

Dada huyo alikuwa binti wa marehemu. Kwa damu walikuwa binamu, lakini walilelewa nyumba moja tangu wote wawili hawajui kufunga kamba za viatu, na hakuna aliyewahi kuwatenganisha kwa jina. Marehemu alikuwa mjomba wa fundi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Honi, kwa sababu hakuweza kupita kona bila kupiga honi.

"Chai baadaye," alisema Inspekta, akachuchumaa mbele yake. "Nieleze tena mafuta ya lile gari. Polepole, kama unamweleza mtu asiyewahi kuliona."

"Ni la zamani sana, hayatengenezwi tena. Injini yake haina oili yake peke yake kule chini kama magari ya siku hizi. Oili unaichanganya kwenye petroli yenyewe, ndipo unamwaga tangini. Petroli inaungua, oili inalainisha vyuma."

"Kama msumeno wa kukatia miti."

"Hivyo hivyo. Ukisahau oili, vyuma vinasuguana vikavu mpaka vinashikana. Ndiyo kujamu huko."

"Na nani alikuwa anachanganya?"

"Mjomba mwenyewe! Thubutu umguse kipimo chake. Alikuwa anafunga mlango wa gereji kabisa. Akimaliza, anainua chupa ya kioo dirishani, anaitazama. Oili ile ina rangi ya kijani. Akiona kijani, anasema, 'Bibi amekunywa dawa,' anamwaga, anaondoka. Gari alikuwa analiita Bibi."

"Kwa hiyo hakusahau oili."

"Mkaguzi ameyaona mafuta tangini. Ni ya kijani." Fundi aliitazama chupa ya chai. "Basi ni mimi, Inspekta. Nimefikiri usiku kucha. Labda zile pistoni nilizibana kweli. Nilizipima mara nyingi, lakini mkono ni mkono. Huyu mzee amenilea, kanipeleka shule, kanifundisha kushika spana, halafu mimi ndiye niliyemuua. Waache tu wanifunge."

"Kimya," alisema Inspekta kwa ukali ambao haukumlenga yeye. "Usikubali kosa kabla hujaambiwa ni lako."

Nyumba ya Mzee Honi ilikuwa mwisho wa mtaa, na ili kutoka ni lazima upite kona ya mshonaji. Mshonaji alikuwa mlangoni pa duka lake, futi shingoni, pini mdomoni. Pembeni yake lilisimama sanamu la kuvalishia nguo, limevaa gauni jeupe la harusi.

"Mimi na marehemu hatukuwa na ugomvi," alianza kabla hajaulizwa, na Inspekta akajua kwamba ugomvi ulikuwepo.

"Sijasema mlikuwa nao."

"Nasema tu. Ila tuseme ukweli, mama, yule mzee alinitesa. Kila akipita ananifukiza kama mzinga wa nyuki! Moshi wa buluu, mzito, unakaa hapa mpaka unamaliza chai. Gauni la bibi harusi likipitiwa mara moja tu, linanuka gereji. Nimelipa nguo za watu mimi."

"Na siku aliyokufa?"

Mshonaji alitoa pini mdomoni. "Siku ile nilisahau nje gauni la mtu, jeupe pe, limevishwa huyu huyu. Nikasikia honi. Nikatupa mkasi, mbio kulifunika! Sijafika, amekwisha pita. Nikasema, nimekwisha leo. Nikalinusa gauni. Safi. Nikalinusa tena. Safi! Nikasema, kumbe yule kijana amelitengeneza gari, Mungu ambariki."

"Hakutoa moshi?"

"Hata wa sigara."

Inspekta alipiga hesabu. Injini iliyobanwa vibaya inatoa moshi kama kawaida, maana oili inaungua kama kawaida. Kama moshi ulikosekana, basi kilichokuwa kinatoa moshi huo kilikosekana pia.

"Alikusalimia alipopita?"

"Mimi? Huyo!" Mshonaji alisonya. "Mzee wa dharau yule. Mimi nimesimama hapa, mwanamume na ndevu zangu, yeye anamsalimia huyu." Akalipiga sanamu begani. "'Hujambo mama, watoto wazima?' Sanamu! Mwaka mzima anamsalimia sanamu, mimi ananiruka. Zamani tulikuwa tunasalimiana vizuri tu."

Inspekta alicheka, hakuweza kujizuia. Halafu kicheko kikamkatika, akamuaga mshonaji haraka kuliko adabu inavyotaka.

Inspekta alimkuta mkaguzi wa magari nyuma ya kituo, kando ya mabaki ya Bibi. Gari lilikuwa limekunjika mbele kama karatasi, lakini matako yalikuwa mazima, yameng'arishwa mpaka yanaonyesha uso. Mtu alilipaka nta gari hili siku ileile au siku moja kabla.

"Nipe ile chupa ya mafuta uliyotoa tangini."

"Nimeshaandika ripoti," alisema mkaguzi.

"Nimeisoma. Umeandika, 'Mafuta yana oili, rangi ya kawaida.' Ulijuaje yana oili?"

"Ni ya kijani! Oili hiyo ni ya kijani, na mafuta ni ya kijani. Ulitaka yaimbe?"

Inspekta alichana bahasha ya kaki, akaitandaza juu ya buti, akaiwekea jiwe kila upande. Alidondosha tone moja kutoka chupa ya tangini. Pembeni akadondosha tone jingine kutoka dumu dogo walilolichukua gereji kwa fundi, mchanganyiko wa msumeno wake, oili ya aina ileile. Matone yote mawili yalikuwa ya kijani.

"Sasa tunafanya nini?" aliuliza mkaguzi.

"Tunangoja jua lifanye kazi yako."

Petroli haikai. Tone la dumu la fundi lilikauka likaacha doa la mafuta, karatasi ikawa inapenyeza mwanga kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Tone la tangini lilikauka likaacha duara jembamba la kijani, na katikati karatasi ikabaki kavu, ikichakarika ukiigusa. Mkaguzi aliipapasa kwa kidole, akanusa kidole, akapapasa tena. Masikio yalimwiva.

"Hakuna oili," alisema.

"Hakuna hata tone. Kuna petroli tupu, na rangi."

"Nani atie rangi kwenye petroli?"

"Mtu aliyejua kwamba mzee anatazama rangi." Inspekta aliikunja bahasha taratibu. "Na nyie nanyi mlitazama rangi, mkamtia kijana wa watu ndani."

Simu ya marehemu ilisagika bondeni, lakini laini yake ilikuwa nzima, imefungwa kwenye mfuko wa vielelezo, na hakuna aliyejisumbua nayo. Inspekta aliitia kwenye simu nyingine akaiweka mezani. Haikuchelewa kulia. Mwanamume mmoja, sauti ya upole, aliuliza swali moja, na Inspekta akasikiliza mpaka mwisho. Akamweleza msiba. Akapewa pole, akashukuru, akakata. Sasa alijua Mzee Honi alikuwa anakwenda wapi siku ile, na alitamani asingejua.

Binti wa marehemu alikuwa jikoni. Kazi yake ilikuwa mishumaa ya kupambia, ya maduka na maharusi. Nta ilikuwa sufuriani motoni inayeyuka, tambi za mishumaa zimening'inia kwenye kamba, na makopo ya rangi yamepangwa dirishani. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alipangusa kiti kwa aproni.

"Karibu, Inspekta. Samahani, nafanya kazi hata msibani. Nikikaa bure nitaharibikiwa. Mdogo wangu mmemwachia?"

"Bado. Anasomewa mashtaka mchana huu."

Mkono wa binti ulisimama juu ya kiti.

"Lakini ni gari bovu tu," alisema. "Watu hawafungwi kwa gari bovu."

"Wanafungwa. Na yeye mwenyewe ameanza kuamini ameua. Ameniambia tumfunge tu."

Binti alirudi kwenye sufuria yake, akakoroga. Inspekta alitazama mezani. Mishumaa ilipangwa kwa rangi: nyekundu iliyoiva, njano iliyoiva, buluu iliyoiva. Ya kijani ilikuwa imepauka, imefifia kama nguo iliyofuliwa sana.

"Hii ya kijani vipi?"

"Rangi iliniishia."

"Peke yake?"

"Inapendwa sana."

Juu ya kabati palikuwa na picha ndogo ya mwanamke kwenye fremu ya bati, na fremu ilikuwa na matundu mawili ya skrubu. Inspekta aliinyanyua.

"Huyu ni mama yako?"

"Marehemu mama. Ilikuwa imefungwa kwenye dashibodi ya Bibi miaka yote. Baba aliitoa usiku ule kabla ya... Akaileta ndani. Akasema mama amechoka na vumbi." Alijaribu kutabasamu. "Baba alikuwa na vituko."

Inspekta aliirudisha picha mahali pake kwa mikono miwili. Kisha akatoa ndani ya mfuko wake kipimo cha plastiki walichokitoa gereji, akakiweka katikati ya mishumaa.

"Hiki ndicho alichopimia oili?"

"Ndicho."

"Mistari yake imefutika. Mimi nina macho mazuri, na nimelazimika kusogea dirishani ili niione. Baba yako alikuwa anamsalimia sanamu la mshonaji, anamuuliza hali ya watoto. Asingeuona mstari huu hata kwa kurunzi. Nani alikuwa anampimia?"

Nta ilianza kutokota. Binti hakuipunguzia moto. Inspekta mwenyewe alisogea akauzima.

"Oili inaacha doa kwenye karatasi," alisema akiwa amesimama. "Yale ya tangini hayakuacha doa. Nikajiuliza, rangi gani inakubali kuchanganyika na petroli? Ya chakula haikubali, inazama chini. Ya nguo vilevile. Ila rangi inayoyeyuka kwenye nta itayeyuka na kwenye petroli, haina kinyongo. Mama, nimekuuliza nani alikuwa anampimia."

"Mimi," alisema binti.

Alikaa kwenye kile kiti alichompangusia mgeni.

"Tangu macho yalipomharibikia. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mdogo wangu. Tulikuwa tunajifungia gereji wote wawili kama wezi. Mimi napima, yeye anainua chupa dirishani. Rangi alikuwa bado anaiona."

"Na siku ile ukaacha oili."

"Nilimwomba, Inspekta. Nilimpigia magoti. Nilificha funguo, akanitukana matusi ambayo hajawahi kunitukana maishani. Wiki ile alimkosakosa mtoto wa shule pale getini, nikiwa nimekaa ubavuni mwake. Hakumwona! Mtoto amepiga kelele, baba ananiuliza, 'Nani huyo anaimba?'" Alijiziba mdomo, akauachia. "Nikasema, nitaliua gari. Nitamuua Bibi, yeye abaki. Bibi akifa hakuna vipuri, basi yameisha. Ingejamu mjini, kwenye foleni, kwenye mwendo wa kobe. Angetukana, angelia, ningempikia, angezoea. Yeye alikuwa anakwenda sokoni tu! Siku zote sokoni!"

"Kwenye vyuma vya injini kulikuwa na mabaki ya oili ya zamani. Yalimpitisha mjini, yakampandisha mlima. Yakaisha mteremkoni."

"Alikuwa anafuata nini mlimani?" Sauti ya binti ilipanda. "Nilimwacha asubuhi akisema anakwenda kumpa Bibi hewa. Alikuwa anafuata nini huko?"

Inspekta alikiokota kile kipimo mezani. "Mdogo wako amekaa sakafuni siku zote hizi kwa sababu yako. Na wewe unampelekea chai. Unamtazama machoni, unamjazia kikombe, unaondoka. Uliwezaje?"

"Kila siku nilikuwa nakwenda kusema," alisema binti. "Wallahi. Nafika pale kaunta, askari ananiambia, 'Weka chupa hapo, mama, pole na msiba.' Naweka chupa, narudi. Nikajiambia kesho. Nikajiambia watamwachia wenyewe. Niliogopa, Inspekta. Sina la kukudanganya, niliogopa."

Inspekta alikuwa na hasira naye, na alikuwa na huruma naye. Alitaka kunyamaza. Angeweza kumchukua kituoni na lile jingine likabaki simuni. Lakini binti angelisikia mahakamani mbele za watu, kutoka kwa mtu asiyemjua, na huo ungekuwa ukatili mwingine.

"Umeniuliza alikuwa anakwenda wapi," alisema. "Ng'ambo ya mlima kuna jamaa wanaotunza magari ya zamani. Wana banda lao, watu wanakwenda kuangalia. Mzee aliwapigia yeye mwenyewe. Aliwaambia ana binti anayemlilia kila siku kuhusu gari, na binti ana haki, macho yake yamekwisha. Alikuwa anakwenda kulikabidhi. Ndiyo maana alilipaka nta. Ndiyo maana alitoa picha ya mama yako, akabeba na ufunguo wa akiba. Waliandaa na mtu wa kumrudisha nyumbani."

Binti hakulia. Alimtazama Inspekta kama mtu anayengoja amaliziwe maneno.

"Siku ile?" aliuliza. "Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Mbona hakuniambia?"

"Huyo bwana anasema alitaka kukushtua. Urudi umkute amekaa barazani, gari hakuna."

Binti alivua aproni. Aliikunja vizuri, akaikunja tena, akaiweka juu ya ile mishumaa iliyopauka. Alikwenda kwenye kabati akaichukua picha ya mama yake, akabadili mawazo, akairudisha ikiwa imegeukia ukuta. Kisha akasema yuko tayari.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya binti akiwa amesimama, akayasoma tena ameketi. Hakumwangalia Inspekta usoni. "Basi mtoe yule kijana," alisema. "Na faili libadilishe jina." Alisema hivyo tu, kisha akauliza kama kuna mtu aliyeona kalamu yake.

Inspekta alikwenda mahabusu mwenyewe. Alimwambia fundi kwamba pistoni zake zilikuwa sawa, tangu mwanzo zilikuwa sawa, hakuna alichokibana. Fundi alifunika uso kwa ile mikono yenye weusi, na Inspekta akangoja. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia yaliyobaki. Aliitafuta akifungua komeo, aliitafuta wakipita kaunta, na hakuwa ameipata walipokata kona ya korido.

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, askari wa kike pembeni yake, mikono mapajani. Pingu zilikuwa zimefunikwa na ushungi.

"Dada!" Fundi aliangaza uso mzima, kwa mara ya kwanza tangu walipomleta. "Nilijua tu utakuja kunichukua. Umesikia? Pistoni zilikuwa sawa! Sikumuua mjomba, dada, sikumuua!"

Binti hakusimama. Aliuvuta ushungi zaidi juu ya mikono.

"Umechoka, wewe. Hujala, najua." Fundi alichuchumaa mbele yake, akafungua kifuniko cha ile chupa ya chai aliyotoka nayo mahabusu, akakijaza, akamshikia karibu na mdomo. "Kunywa kidogo kwanza. Ilibaki, nikakuwekea."